Muulize Bi Mhasibu: "Gharama zangu za barafu na boti zaenda wapi?"

Barua za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa vinywa tofauti: mwenye biashara ndogo anaruhusiwa kutoa gharama gani kabla ya kutozwa ushuru? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika hakuniletea malalamiko matupu, ameniletea hesabu zake.

*Asalaam aleikum Bi Mhasibu. Mimi nauza samaki hapa Lamu, huu mwaka wa sita. Nanunua kwa wavuvi wa Shela na wanaotoka Kizingitini, natia barafu, nauza kwenye hoteli na wengine napeleka Malindi. Kwa mwezi nauza kama 300,000. Samaki wenyewe hunigharimu 215,000, barafu 14,000, boti ya Mokowe pamoja na mkokoteni na gari 16,000, kijana wangu namlipa 18,000, simu 2,000, kodi ya stoo na leseni ya kaunti ukizigawa kwa mwezi 8,000. Mwaka huu nilinunua friza ya 85,000. Kila mwezi kabla ya tarehe 20 nalipa mamlaka ya ushuru, KRA, 9,000. Naambiwa gharama zote hizi hutolewa kwanza. Mbona kwangu hazitolewi? Nani anayenidhulumu?*
*Muuza samaki, Langoni*

Waaleikum salaam, dadangu. Hakuna anayekudhulumu. Umeingia kwa mlango ambao gharama hazipiti.

Ushuru wa biashara ndogo una milango miwili. Ulioingilia wewe ni ule wa ushuru wa mauzo, TOT. Tangu 1 Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo, na ni wa biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 na isiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Hapo serikali haikuulizi umenunua samaki kwa bei gani wala barafu imeyeyuka kiasi gani. Inachukua mauzo, inazidisha kwa 3, inagawa kwa 100, basi. Hata mwezi ule kusi imevuma, mashua zimefungwa na hukupata faida yoyote, ukiuza cha 100,000 utalipa 3,000.

Mlango wa pili ni ushuru wa mapato wa mwaka, ule ambao ripoti yake hupelekwa kabla ya 30 Juni. Huko ndiko gharama zinakotolewa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato chasema gharama inayokubalika ni ile iliyotumika yote, na kwa ajili ya kutafuta mapato hayo tu. Kwa hiyo barafu ni gharama. Nauli ya boti ya masanduku yako ni gharama. Mchele wa nyumbani si gharama, hata kama ulilipwa kwa pesa za samaki.

Sasa tuchukue hesabu yako tuipitishe mlango wa pili. Kwa mwezi unatumia 273,000, unabaki na 27,000. Kwa mwaka ni 324,000. Kuna kitu hukukitaja na nadhani hukilipi: michango ya kijana wako. Kwa mshahara wa 18,000, wewe mwajiri una 270 za ushuru wa nyumba za bei nafuu na 1,080 za NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, kila mwezi, mbali na zile unazomkata yeye. Kwa mwaka ni 16,200, nazo ni gharama halali. Halafu friza. Hiyo haitolewi yote mara moja kwa kuwa ni mali inayodumu. Hutolewa asilimia 10 ya bei yake kila mwaka, kwa mafungu sawa. Mwaka wa kwanza ni 8,500, wa pili 8,500, na kuendelea.

Toa hizo, unabaki na 299,300. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni 28,800. Zilizozidi, 11,300, hutozwa asilimia 25, ambayo ni 2,825. Kisha kila mkaazi wa Kenya ana msamaha wake wa 28,800 kwa mwaka. Ukiutoa, ushuru wako wa mwaka mzima ni shilingi 2,825.

Mlango wa kwanza unalipa 9,000 mara kumi na mbili: 108,000.

Najua moyo umeruka. Wangu pia uliruka nilipoiandika, nikairudia mara tatu. Lakini usikimbilie KRA kesho asubuhi, kwa sababu hesabu hii nzuri inasimama juu ya mguu mmoja tu, nao ni karatasi. Tangu 1 Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi. Ulinunua kweli, ulilipa kweli, mvuvi mwenyewe anakushuhudia, lakini kama ankara haipo katika mfumo, mbele ya afisa wa ushuru samaki yule hukumnunua.

Nimekupigia hesabu ya upande huo pia. Ukishindwa kuonyesha ankara za nusu ya samaki unaonunua, mapato yako ya kutozwa yanapanda hadi 1,589,300 na ushuru unafika 385,390. Ni zaidi ya faida yako yote ya mwaka. Na si lazima ifike nusu. Ukikosa ankara za kama shilingi 30,000 tu kwa mwezi, nafuu yote ya kuhama imekwisha, na afadhali ungebaki na TOT yako. Hiyo 30,000 iandike ukutani mwa stoo. Ndiyo kipimo chako.

Utaniambia mvuvi wa Kizingitini hana ankara, ana ndoo na mizani. Ni kweli, na sheria imeliona hilo. Tangu mwisho wa mwaka 2024, ukinunua kwa mtu mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, ankara unaandika wewe mnunuzi kwa niaba yake. Hata simu ya kubonyeza inatosha: *222#. Unaingiza PIN ya muuzaji, yaani namba yake ya ushuru ya KRA, na kiasi, naye anapata ujumbe anakubali. Anachohitaji mvuvi ni PIN na simu. Hivyo hivyo kwa mwenye mkokoteni na mwenye punda.

Shida ni maneno, si mashine. Mvuvi akisikia KRA anadhani umemwuza. Kaa naye chini. Mwambie ukweli: kuwa na PIN kunamlazimu kupeleka ripoti yake ya mwaka, lakini ambaye mauzo yake hayazidi milioni 1, na anabaki na faida isiyozidi 288,000 kwa mwaka, halipi chochote kwa ule msamaha niliokutajia. Usimfiche hilo la ripoti ili akubali haraka. Nimeona watu wakifichana namna hiyo, na msimu uliofuata mvuvi alipeleka samaki wake kwa mwingine.

Mshahara wa kijana hauhitaji ankara ya eTIMS. Unahitaji orodha ya malipo, sahihi yake au ujumbe wa M-Pesa, na ripoti ya kila mwezi ya ushuru wa wafanyakazi, hata kama mshahara wake hauufikii ushuru. Simu nayo, kama laini ni moja ya biashara na ya kuongea na shoga zako, toa sehemu ya biashara tu. Mimi huwashauri watu wanunue laini ya pili. Na mchango wako mwenyewe wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, tangu 27 Desemba 2024, nao hutolewa kabla ya ushuru.

Nikuhadithie jambo langu, maana sipendi kufundisha ambalo halijanichoma. Baba yangu alikuwa na duka Usita wa Mui, na mimi nimeanza kuandika daftari lake nikiwa msichana. Baadaye nikaandika vitabu vya karakana ya useremala, wale wanaochonga milango. Nilikuwa makini sana: kila risiti ya mbao, ya misumari, ya polishi, nilitia kwenye mkebe wa biskuti na mkebe nikaupanga juu ya kabati. Mwaka wa pili tukaulizwa ushahidi wa gharama. Nikashusha mkebe, nikafungua mbele ya fundi. Risiti zile zilikuwa za karatasi laini ya mashine, ile inayochapwa kwa joto. Zilikuwa nyeupe. Joto na unyevu wa Lamu vilikuwa vimefuta kila herufi. Gharama zikakataliwa, fundi akalipa ushuru wa mbao ambazo faida yake hakuipata, na hakunisema hata neno moja. Kule kunyamaza kwake bado nakukumbuka.

Kwa hiyo, dada: risiti piga picha siku ile ile, usiku kabla hujalala. Daftari andika kwa kalamu ya wino. Na vitu hivi viweke miaka 5, ndiyo muda ambao sheria inataka.

Ushauri wangu kwako ni huu. Usihame sasa. Miezi mitatu ijayo endelea kulipa TOT, lakini andika ankara kwa kila samaki unayemnunua kana kwamba umeshahama. Mwisho wa miezi mitatu angalia pengo kati ya pesa zilizotoka na ankara zilizopo. Likiwa chini sana ya 30,000 kwa mwezi, andikia KRA kwamba unachagua kutoka kwenye ushuru wa mauzo, sheria inakuruhusu. Fanya hivyo kabla mwaka mpya haujaanza, na usiache kupeleka ripoti za kila mwezi mpaka upate jibu na uone wajibu ule umeondolewa kwenye ukurasa wako wa iTax, tovuti ya KRA. Na kwa kuwa mauzo yako ni 3,600,000 kwa mwaka, VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, haijakufikia. Kiwango cha kujiandikisha ni milioni 5.

*Shikamoo Bi Mhasibu. Mimi napika mahamri na mbaazi za nazi hapa Malindi, karibu na soko la zamani. Mauzo ya mwaka ni 1,500,000, na nikitoa unga, nazi, mafuta, gesi na msaidizi nabaki na 700,000. Rafiki yangu ametoka TOT na anasema ni mpumbavu tu anayebaki. Nitoke?*
*Mpishi, Malindi*

Marahaba mwanangu. Usitoke.

TOT yako ni 45,000 kwa mwaka. Ukipita mlango wa faida, 288,000 za kwanza zitakupa 28,800, 100,000 zinazofuata 25,000, na 312,000 zilizobaki, kwa asilimia 30, ni 93,600. Jumla 147,400, toa msamaha wa 28,800, unalipa 118,600. Tena hapo nimechukulia kwamba kila nazi ina ankara yake.

Rafiki yako huenda anauza kitu chenye faida nyembamba, kama saruji au unga wa jumla, na kwake amefanya sawa. Wewe biashara yako ni mikono yako, na mikono haina risiti. Mwenye faida nene TOT humfaa. Mwenye faida nyembamba humla. Asikuite mpumbavu mtu ambaye hajaona daftari lako.

*Bi Mhasibu, salaam. Nina nyumba ya mawe ya urithi Mkomani. Chini naishi na familia, juu nina vyumba vitatu vya wageni wa kulala usiku mmoja mmoja. Mimi napeleka ripoti ya mwaka, si TOT. Mwaka jana nilitengeneza kuta za vyumba vya juu kwa chokaa na kubadilisha makuti, nikatumia 240,000. Nikajenga chumba kipya darini, 600,000. Nikanunua vitanda na meza za 90,000. Pia ninakusudia nyumba ya pili niipangishe kwa mwezi kwa walimu. Vyote nitoe?*
*Mwenye nyumba, Mkomani*

Salaam, kaka. Umenifurahisha kwamba umetumia chokaa. Nyumba hizi za matumbawe zikipakwa saruji ukuta haupumui, chumvi inasukuma plasta nje, na baada ya miaka michache unatengeneza tena kwa gharama mbili.

Sheria inatenganisha kutengeneza na kuongeza. Ukuta uliokuwepo ukaporomoka plasta, ukaurudisha ulivyokuwa, hiyo ni matengenezo, na 240,000 zako ni gharama ya mwaka. Makuti vilevile, yalikuwepo, yamechakaa, umeweka mengine. Kwa kuwa kazi ilikuwa vyumba vya wageni peke yake, unatoa zote. Ingekuwa umepaka nyumba nzima pamoja na unapolala wewe, ningekuambia ugawe, sehemu ya familia ibaki kwa familia. Umeme na maji pia vigawe hivyo, au uweke mita ya pili juu. Mita ya pili humaliza ubishi.

Chumba cha darini hakikuwepo. Hicho ni mali mpya, si matengenezo, na hizo 600,000 usizichanganye kamwe na chokaa katika mstari mmoja. Nimeona mafundi wakiandika ankara moja, "kazi ya nyumba 840,000", kwa kurahisisha. Ankara ya namna hiyo inaweza kukuharibia hata ile haki ya 240,000, kwa sababu afisa hana njia ya kujua wapi matengenezo yameishia na wapi ujenzi umeanza. Mwombe fundi wako leo akutenganishie, ankara mbili. Vitanda na meza ni kama friza ya yule dada: asilimia 10, yaani 9,000 mwaka wa kwanza. Mchoma chokaa na msusi wa makuti kama hawana eTIMS, ni ile njia ya *222#.

Nyumba ya walimu ni jambo jingine kabisa. Kodi ya nyumba ya kuishi, ikiwa kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, kila mwezi kabla ya tarehe 20, na gharama hazitolewi humo. Ukitengeneza paa la nyumba hiyo usijaribu kuhamishia gharama yake kwenye hesabu za wageni wa Mkomani. Najua kishawishi hicho ni kikubwa, maana fundi ni mmoja na chokaa ni ile ile. Usifanye.

*Asalaam aleikum. Nina duka la vitenge Malindi, napeleka ripoti ya mwaka. Kila Ramadhani natoa zaka, mwaka huu ilikuwa 40,000, nyingi kwa majirani na wajane ninaowajua. Pia nachangia madrasa ya mtaa. Je, naweza kuzitoa kama gharama za duka?*
*Muuza vitenge*

Waaleikum salaam warahmatullah. Mungu aikubali.

Uliyoweka mkononi mwa jirani haitolewi. Haikutumika kutafuta mauzo ya vitenge, na usiiandike kwenye daftari la duka kama gharama. Andika kwamba mwenye duka amechukua 40,000 zake, kisha wewe na Mola wako mnajua zilikokwenda.

Mchango wa pesa taslimu kwa taasisi ya hisani hutolewa, lakini ni ile taasisi iliyosajiliwa na ambayo mapato yake yamesamehewa ushuru. Usajili peke yake hautoshi, wala sifa njema ya mwalimu haitoshi. Nenda kwa kamati ya madrasa uulize kama wana cheti cha msamaha kutoka KRA na kama muda wake haujaisha. Wakiwa nacho, omba nakala, na risiti yenye jina lako, PIN yako na tarehe. Wasipokuwa nacho, endelea kuwachangia kama ulivyokuwa ukiwachangia, na uwaambie wanakamati waanze kukitafuta. Wafadhili wengine wa mtaani watafaidika pia. Pesa zipitishe kwa namba ya madrasa, usimkabidhi mtu mkononi, ili karatasi na pesa ziwe na jina moja.